Riwaya ngumu za historia: vijana wanazipenda, ao ni wakubwa wanaozipenda kwa niaba yao?

Mwaka 2006, huko Marekani, tuzo la National Book Award katika sehemu ya vitabu vya vijana lilimwendea M. T. Anderson. Kitabu chake kinasimulia maisha ya Octavian, kijana mweusi wa Boston katika miaka ya 1770. Analelewa na wataalamu wanaomfundisha Kilatini na kupiga fidla, huku wakipima chakula anachokula na hata choo chake. Kidogo kidogo anaelewa kwamba yeye ni mtumwa, na pia ni majaribio yao.

Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza kilichoigwa toka karne ya 18, na sehemu ya pili, ya mwaka 2008, inapita kurasa 500. Kwa hiyo watu wako na haki ya kuuliza: mtoto wa miaka 15 anakifungua mwenyewe, ao ni wakubwa waliokipenda wao kwa wao? Tuzo nyingi za vitabu vya vijana hutolewa na watu wazima.

Ufaransa iko na tuzo moja ambalo wakubwa hawapigi kura. Linaitwa Goncourt des lycéens, na lilianza mwaka 1988. Kila mwaka wanafunzi karibu 2.000 wa sekondari wanasoma, kwa muda wa miezi miwili hivi, riwaya zaidi ya kumi zilizoandikwa kwa ajili ya watu wazima. Wanazijadili darasani, kisha wanachagua moja.

Na wanachagua nini? Mwaka 2000 walichagua kitabu cha Ahmadou Kourouma, « Allah n'est pas obligé », ambamo mtoto askari Birahima anasimulia vita vya Liberia na Sierra Leone akiwa na kamusi nne mkononi. Mwaka 2018 ilikuwa « Frère d'âme » ya David Diop, juu ya askari wa Senegal katika vita vya kwanza vya dunia: Alfa anaona rafiki yake akifa polepole mbele yake, anakataa kummaliza, kisha anaanza kuwakata mikono maadui. Si vitabu vyepesi hata kidogo.

Mwaka 2016 walichagua « Petit pays » ya Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura. Msomaji wa huku kwetu hawezi kuwa mgeni humo. Gabriel, mtoto wa miaka kumi, anaishi Burundi kabla ya mambo kuharibika mwaka 1993, na katika kurasa za mwanzo familia yake inavuka mpaka kumtembelea rafiki wa baba huko Bukavu.

Tuseme ukweli: wale wanafunzi wako na mwalimu anayewasindikiza, na vitabu wanavipata bila kulipa. Hilo si jambo dogo. Lakini naona kuna kitu kingine kinachopita pesa: wanapewa vitabu vingi, na wanaruhusiwa kusema kwamba kimoja ni kibaya. Kwetu, mara nyingi mwanafunzi anapewa kurasa chache za fotokopi, anazisoma kwa ajili ya pointi, kisha tunasema vijana wa leo hawapendi kusoma.

Ugumu wenyewe haufukuzi vijana. Birahima, Gabriel na hata Octavian wanafanana katika jambo moja: ni watoto wanaotazama wakubwa wakisema uongo, na hakuna anayewaelezea kitu. Mama yake Octavian anapokufa kwa ndui, kitabu kinaonyesha kurasa ambazo mistari yake imefutwa kwa wino. Pale hakuna neno gumu la kutafuta katika kamusi.

Mwaka 1916, wapagazi wengi wa mashariki mwa Congo walibeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji kuelekea Tabora, na wengi hawakurudi. Riwaya inayosimulia safari hiyo kwa sauti ya mpagazi wa miaka 15, hata ikiwa na kurasa 500, ningependa kuona itazunguka kwa mikono mingapi katika darasa moja la Uvira ao Kindu.