Nusu Jumlisha Theluthi

Mpe mtoto wa darasa la nne swali hili: nusu jumlisha theluthi. Wengi watakuandikia 2/5. Wamejumlisha 1 na 1 juu wakapata 2, wakajumlisha 2 na 3 chini wakapata 5. Mwalimu mwenye haraka hulipiga jibu hilo mkasi, huandika 5/6 pembeni, kisha hulivuta daftari linalofuata. Kipindi ni kifupi na madaftari ni mengi, namwelewa. Lakini katika jibu lile kulikuwa na habari ambayo asingeipata kwa njia nyingine.

Mtoto yule hakubahatisha. Tangu darasa la kwanza amejumlisha namba nzima, na kanuni yake imempatia vema kila siku, kwa hiyo ameitumia tena. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto kwa miongo mingi, alieleza kuwa mtoto hulipachika jambo jipya kwenye yale anayoyajua. Likigoma kukaa ndipo hulazimika kuyapanga upya. David Ausubel wa Marekani alikwenda mbali zaidi mwaka 1968: katika yote yanayoathiri kujifunza, alikiweka mbele kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari. Walimu wetu huyakariri majina haya vyuoni, huyajibia mtihani, halafu huyaacha hukohuko. Inasikitisha, maana mahali pa Piaget ni hapa, kwenye 2/5.

Nadharia ikishuka darasani huwa hivi. Mwalimu anaiandika 2/5 ubaoni bila kusema ni ya nani, wala kama ni kweli au si kweli. Anauliza: kati ya 2/5 na nusu, ipi kubwa? Watoto wanachukua kanda mbili za karatasi zenye urefu sawa. Moja wanaikunja katikati, nyingine wanaigawa vipande vitano na kutia rangi viwili. Wakizilaza sambamba wanaona kwamba 2/5 haifiki nusu. Basi tulikuwa na nusu, tukaongeza theluthi, tukabaki na pungufu ya nusu! Darasa litalipuka kwa mabishano. Waachieni dakika kadhaa wabishane, kwa sababu ile kanuni ya zamani imegoma mbele ya macho yao wenyewe. Kisha gawanyeni ukanda mmoja vipande sita: nusu inachukua vitatu, theluthi viwili, jumla 5/6. Sasa kigawe kidogo cha shirika (KDS) kina sababu ya kuja.

Baada ya hapo msaada unahitajika, ila kwa kipimo. Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934, aliona kuwa ufundishaji wenye faida ni ule unaolenga jambo ambalo mtoto bado haliwezi peke yake lakini analiweza akishikwa mkono. Mwaka 1976 watafiti Wood, Bruner na Ross waliufananisha msaada huo na jukwaa la mafundi ujenzi: ukuta ukisimama, jukwaa linabomolewa. Kwetu jukwaa huachwa hapohapo. Mwalimu anafanya mfano wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hata zoezi lenyewe anawaanzishia. Au anawapanga watoto watanotano ili somo lionekane linamlenga mwanafunzi, mmoja anaandika na wanne wanamtazama. Vikundi pekee havimjengei mtu maarifa. Darasa la watoto 80 lililokaa kwenye mistari, kila mmoja akiwa na karatasi yake na swali lake, linaweza kufikiri zaidi kuliko darasa hilo la vikundi.

Kisha huja lile swali letu la kufungia kipindi: "Mmeelewa?" Jibu ni "Ndiyoo mwalimu!", na mwalimu anatoka bila kujua lolote. Hata kama wameelewa leo, kusahau kumeshaanza. Mtafiti Hermann Ebbinghaus alilipima jambo hilo akijitumia mwenyewe, akalichapisha mwaka 1885. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu wasome. Kundi moja lilirudia kukisoma, jingine likaandika linachokumbuka bila kukitazama. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Wiki moja baadaye walioandika kwa kukumbuka walikuwa na asilimia 56, na waliorudia kusoma 42.

Kwa hiyo fungueni kipindi cha kesho kwa swali moja la sehemu, madaftari yakiwa yamefungwa. Liulizeni tena wiki ijayo kwa namba nyingine, na tena baada ya mwezi, wakati mada imeshahama kwenye desimali. Msilitolee alama za kuingiza kwenye ripoti, kwa sababu mtoto anayeogopa alama atachungulia kwa jirani, na ile 2/5 iliyobaki kichwani mwake hamtaiona.