Somo la Hesabu: Namba 27,720

Chukueni kalamu, mwandike namba hii: 27,720. Isomeni kwa sauti: elfu ishirini na saba, mia saba na ishirini.

Ukiigawa namba hii kwa 2, kwa 3, kwa 4, na kuendelea hivyo mpaka 12, hakibaki kitu hata mara moja. Tena ndiyo namba ndogo kuliko zote zenye sifa hiyo. Hamna haja ya kugawa mara zote ili kuhakikisha. Tarakimu ya mwisho ni 0. Basi ni namba shufwa, nayo hugawanyika kwa 2, kwa 5 na kwa 10. Tarakimu mbili za mwisho ni 20, ambayo hugawanyika kwa 4. Basi na namba nzima hugawanyika kwa 4. Kwa 7 gaweni tu, mtapata 3,960.

Sasa sikilizeni vizuri. Tuseme jamaa 11 wamechanga fedha za kuezekea shule, kila jamaa shilingi 2,520. Jumla ni 27,720. Mweka hazina akaandika kitabuni 27,270. Si lazima awe mwizi. Huenda mkono umeteleza, tarakimu mbili zikabadilishana mahali. Lakini shilingi 450 zimepotea kitabuni. Kitabu kinasomwa mkutanoni, nawe umeketi pale. Utajuaje?

Jaribu kwanza kipimo cha 9. Jumlisha tarakimu: 2 na 7 na 7 na 2 na 0 ni 18, na 18 hugawanyika kwa 9. Lakini 27,270 nayo hutoa 18, maana tarakimu ni zile zile. Kipimo hiki hakikuona kosa.

Jaribu cha 11. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano. Kisha ya pili na ya nne. Katika 27,720 utapata 9 na 9. Tofauti ikiwa 0 au 11, namba hugawanyika kwa 11. Katika 27,270 utapata 4 na 14, tofauti ni 10. Haigawanyiki! Nayo michango sawa ya jamaa 11 haiwezi kutoa jumla isiyogawanyika kwa 11. Hapo unyoshe mkono, uombe hesabu irudiwe.

Limebaki jambo moja. Jirani yake wa juu, 27,721, ni namba witiri, na haigawanyiki kwa namba yoyote kutoka 2 mpaka 12. Je, ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe? Wengi watasema ndiyo. Jaribuni 13, haikubali, 17, haikubali, 19, inaingia mara 1,459 kamili. Si tasa.

Kwa zoezi la nyumbani, mchunguzeni jirani wa chini, 27,719. Msichoke mapema, safari hii mtapita 19. Kwaherini.