Fidia ya kazi ya Geita: ukirudi Singida unakatwa kodi tena?

Swali hili linatufikia sana kwenye simu za kipindi. Msikilizaji amefanya kazi mgodini Geita, ameachishwa, amefungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na mwajiri amekubali kulipa. Fedha inaingia yeye akiwa ameshapanda mtama Ikungi. Je, Singida nayo inadai kodi yake?

Haidai. Mkoa hautozi kodi ya mapato. Hilo ni jambo la Muungano: sheria ni moja, ya mwaka 2004, na mkusanyaji ni TRA, uwe Geita, Singida au hata Unguja. Hofu hiyo inawafaa zaidi Wamarekani, ambao majimbo yao mengi yana kodi ya mapato ya kwao, na mtu aliyefanya kazi jimbo moja akaishi jingine anaweza kuulizwa na yote mawili.

Ila kukatwa mara moja kupo. Mshahara uliocheleweshwa, notisi, likizo, na fidia ya kuachishwa kazi vyote ni mapato ya ajira, na mwajiri anapaswa kukata kodi (PAYE) kabla ya kukulipa.

Nauli ni habari nyingine. Mkataba ukiishia mbali na ulikoajiriwa, sheria ya ajira inamtaka mwajiri akurudishe na mizigo yako, au akulipe gharama hiyo. Nauli halisi, yako, ya mwenza na watoto hadi wanne, haikatwi kodi kama kwenu ni zaidi ya maili 20 kutoka kazini na ulichukuliwa kwa ajili ya kazi hiyo tu. Singida na Geita, maili 20 ni mwanzo tu wa safari! Kwa hiyo nauli iandikwe peke yake, isimezwe ndani ya fidia.

Sasa penye hela nyingi. Tuseme uliachishwa mwaka jana, mwaka huu umelipwa 3,000,000 kwa mkupuo, na huna kipato kingine. Mhasibu akitumia jedwali la mwezi mmoja, atakata 728,000. Lakini kodi hii hupimwa kwa mwaka, Januari hadi Desemba, na mapato ya mwaka yasiyozidi 3,240,000 kiwango chake ni sifuri. Hiyo ni bei ya ng'ombe, si ya kuachia kimyakimya. Mwombe mwajiri karatasi ya hesabu, kisha uipeleke ofisi ya TRA pamoja na hati ya makubaliano, taarifa ya benki na TIN yako, uulize kuhusu kurejeshewa.

Na kabla ya kusaini pale CMA, uliza: kiasi hiki ni kabla ya kodi au baada? Jibu liandikwe kwenye hati yenyewe. Wengi husaini milioni tatu, wakapokea mbili na ushee, wakadhani wameibiwa.

Ambaye hajafungua shauri ahesabu siku: la kuachishwa kazi linatakiwa lifike CMA ndani ya siku 30.