Publius Alitega, Hakutegua

Jumatatu usiku, tarehe 18 Julai 1994, kundi la Pink Floyd lilikuwa likitumbuiza katika uwanja wa Giants, East Rutherford, jimbo la New Jersey. Ilipokaribia saa nne na nusu, taa nyeupe kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa ziliwaka na kuandika maneno mawili: ENIGMA PUBLIUS. Yalikaa kidogo, yakapotea.

Publius ni nani, hakuna aliyejitokeza mpaka leo. Tangu tarehe 11 Juni mwaka huo alikuwa akiwatumia ujumbe mashabiki waliokutana kwenye Usenet, uwanja wa majadiliano uliokuwepo kabla ya mitandao ya kijamii. Alidai kuwa albamu mpya ya kundi hilo, The Division Bell, ina fumbo lenye jibu moja lililokusudiwa, na kwamba atakayelifumbua atapata zawadi ya pekee. Wasikilize upya, watazame picha, wasome mashairi. Wenye shaka hawakukosekana. Basi akawatajia siku, mji na saa, akasema taa nyeupe zitamulika. Zikamulika.

Mimi ni fundi wa taa za majukwaani, na hapo ndipo fumbo hili liliponinasa. Ujumbe anaweza kuuandika yeyote. Taa haziandiki herufi zenyewe. Kila moja ina namba yake kwenye meza ya kuongozea, na fundi hukaa akichagua ipi iwake na ipi izimwe mpaka E isomeke, kisha N, kisha I. Akimaliza huihifadhi kazi hiyo ili wimbo ukifika mahali pake abonyeze kitufe kimoja tu. Kwenye ziara kubwa kama ile, meza hiyo haiguswi na mpita njia. Publius alikuwa na mtu ndani. Marc Brickman, mbunifu wa taa za ziara ile, baadaye alisema meneja wa kundi, Steve O'Rourke, ndiye aliyemwagiza. Na Oktoba hiyohiyo neno ENIGMA lilitokea tena kwa herufi kubwa nyuma ya jukwaa la Earls Court, London, katika onyesho lililorushwa kwenye televisheni.

Baada ya hapo, nani angeacha kutafuta? Jalada lenyewe linaita: vichwa viwili vikubwa vya chuma vimesimama shambani karibu na Ely, Uingereza, vikitazamana, na ukivikazia macho vinakuwa uso mmoja unaokutazama wewe. Katikati, mbali kabisa, linaonekana kanisa kuu la Ely. Wengine walilifuata jina. Mwaka 1787 Hamilton, Madison na Jay walijificha nyuma ya jina hilohilo la Publius kutetea katiba mpya ya Marekani.

Huyu wa kwetu alijificha nyuma ya kompyuta iliyokuwa Ufini, anon.penet.fi, iliyofuta anwani ya mtumaji na kumpa namba. Mwaka 1996 mwenye mashine, Johan Helsingius, aliifunga. Ikapotea njia ya kutambua kuwa anayesema ni Publius yuleyule.

Mwaka 2005 mpiga ngoma wa Pink Floyd, Nick Mason, alieleza kuwa ulikuwa mpango wa kampuni ya rekodi, EMI, iliyokuwa na mtu mpenda mafumbo. Zawadi, alisema, ilikuwa kitu kama miti ya kupandwa kwenye msitu uliofyekwa, na haijatolewa kwa yeyote.

Naomba niseme wazi: walidhulumiwa wale mashabiki. Kwenye vitendawili vyetu, wasikilizaji wakishindwa humpa mtegaji mji, naye akishaupokea hana budi kutegua. Hawa walitoa usiku wao na akili zao kwa miaka, wakaambiwa tu kwamba hakuna aliyeshinda. Kinachoniuma zaidi ni kwamba albamu yenyewe inahusu watu wanaoshindwa kuzungumza. Wimbo wake mmoja, Keep Talking, una sauti ya mashine ya Stephen Hawking. Mashabiki waliitikia wito huo kwa moyo safi.

O'Rourke alifariki mwaka 2003. EMI imegawanywa na kuuzwa. Lakini fumbo lenye jibu lililokusudiwa liliandikwa na mtu, na mtu huyo lazima alikuwa na karatasi. Ikiwa ipo kwenye kabati la mrithi yeyote wa kampuni ile, naiomba itolewe hadharani, hata kama jibu lake ni dogo kuliko tulivyotarajia.