Kupunguza Viuatilifu Katika Maeneo ya Jiji ili Kulinda Maji

Ukiulizwa viuatilifu vinavyochafua mito hutoka wapi, utajibu haraka: mashambani. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu. Mwaka 1999, Shirika la Uchunguzi wa Jiolojia la Marekani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa mito nchini humo. Viuadudu vilipatikana mara nyingi zaidi, na kwa viwango vya juu zaidi, katika vijito vya mijini kuliko vya maeneo ya kilimo. Mada hii inaeleza sababu, na hatua ambazo jiji linaweza kuchukua.

Maana ya istilahi

Viuatilifu ni dawa za kuua au kufukuza visumbufu. Viuadudu huua wadudu, viuagugu huua magugu na viuakuvu huua kuvu. Usivichanganye na mbolea, ambayo kazi yake ni kurutubisha mimea.

Maeneo ya jiji ni yale yanayomilikiwa na halmashauri: bustani za umma, viwanja vya michezo, kando za barabara na majengo ya ofisi.

Sumu hufikaje mtoni?

Shambani, sehemu kubwa ya maji ya mvua huzama ardhini. Mjini, lami, saruji na mapaa huyazuia yasizame. Maji hutiririka kwa kasi, huzoa dawa iliyopuliziwa na kuingia mtaroni. Hapa zingatia: katika miji mingi, mtaro wa maji ya mvua si bomba la majitaka. Majitaka hupelekwa kusafishwa. Maji ya mtaro huingia mtoni, ziwani au baharini bila kusafishwa.

Katika miaka ya 1990, maji ya vijito vya mijini karibu na ghuba ya San Francisco, Marekani, yalipopimwa maabara yaliua viumbe wadogo wa majini wa jamii ya kamba. Kiuadudu kiitwacho diazinoni kilikuwa miongoni mwa sababu. Viumbe hao hula mwani, nao huliwa na samaki. Wakifa, samaki hukosa chakula, hata kama maji yanaonekana safi kwa macho. Marekani ilikomesha uuzaji wa diazinoni kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2004.

Kwa nini jiji lianze na maeneo yake?

(a) Lina mamlaka kamili. Ni vigumu kusimamia ua wa kila mkazi, lakini jiji ndilo huamua wafanyakazi wake wapulize nini.
(b) Maeneo hayo hutumiwa na watu wengi, wakiwamo watoto wanaocheza kwenye nyasi.
(c) Jiji haliwezi kumwambia raia aache jambo ambalo lenyewe linalifanya.

Mifano ya kutumia katika majibu

San Francisco ilipitisha sheria mwaka 1996 inayozitaka idara za jiji kufuata udhibiti husishi wa visumbufu, kubandika tangazo mahali panapopulizwa dawa na kuweka kumbukumbu. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: tangu 1 Januari 2017, taasisi za umma zimekatazwa kutumia viuatilifu vya kemikali katika bustani na misitu iliyo wazi kwa umma, isipokuwa katika hali chache.

Hatua za udhibiti husishi

1. Kuzuia: kupanda mimea inayostahimili mazingira, kuweka matandazo, kuziba nyufa na kuzoa taka.
2. Kukagua: kuthibitisha kuwa kisumbufu kipo, na kwamba madhara yake yanahitaji hatua.
3. Kung'oa magugu kwa mkono, kufyeka au kutega mitego.
4. Kutumia maadui wa asili wa visumbufu.
5. Kemikali iwe hatua ya mwisho: yenye madhara madogo, mahali palipoathirika tu, mbali na mitaro, na si wakati mvua inakaribia.

Hoja pinzani

Kung'oa magugu kwa mkono huhitaji vibarua na fedha. Pia, panya na mbu huleta magonjwa, hivyo huenda dawa ikahitajika. Ndiyo maana swali husema "kupunguza", si "kukomesha". Ukijibu kana kwamba dawa zote zipigwe marufuku, utakuwa umetoka nje ya swali.

Jipime

1. Eleza kwa nini dawa iliyopulizwa kando ya barabara yenye lami hufika mtoni upesi kuliko iliyopulizwa shambani.
2. Taja tofauti moja kati ya hatua ya San Francisco na ile ya Ufaransa.
3. Halmashauri yenu inapuliza kiuagugu kando ya mtaro kila masika. Ishauri hatua nne za kuchukua, na utoe sababu ya kila moja.

*Mwongozo wa swali la 3:* Usinakili orodha tu. Anza na mvua za masika na uonyeshe maji ya mtaro huo yanaishia wapi. Kisha husisha kila hatua na usalama wa maji hayo.