Neno "Line": Uzi Mmoja, Kazi Nyingi

Neno moja la Kiingereza, lenye herufi nne tu, lilimtoa mama mmoja mzee wa Rukanga fedha za vikapu viwili. Neno lenyewe ni "line". Kisa hiki nilikikuta huko huko kwao, nami nimeona si vyema nikae nacho peke yangu, kwani ndani yake mna somo kwa sote tunaodhani kwamba ukiijua maana moja ya neno umelijua neno zima.

Rukanga, kwa asiyekujua, ni kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau, katika Taita Taveta. Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, kabla hujafika Voi utashuka Maungu, kisha utashika njia ya vumbi mkono wa kushoto, kilomita 30 hivi za nyika na ndovu. Mlima utauona tangu mbali, umesimama peke yake. Akina mama wa huko ni mahodari wa kusuka vikapu vya katani, na wengi hawakai bure. Hata wakizungumza nawe uzi u vidoleni.

Nilikwenda kumjulia hali rafiki yangu wa siku nyingi. Jioni akaingia jirani yake, mama wa miaka 80 hivi, kikapu kwapani na bahasha mkononi.

"Mwanangu, nasikia wewe ni mtu wa magazeti. Hebu nisomee hii."

"Hukupata mtu wa kukusomea, Mama?"

"Nimesomewa. Lakini nataka kusikia kwa mtu mwingine."

Ilikuwa ni kadi kutoka kwa mjukuu wake aliyezaliwa Uingereza, kijana asiyejua Kiswahili ila "jambo" na "asante". Alimwamkia bibi yake, akaeleza habari za masomo, akatia na picha yake. Mwisho kabisa akaandika: "Drop me a line."

Msichana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha pili, ndiye aliyekuwa ametafsiri. Alisema, "Bibi, anataka umwangushie laini." Wakakaa wakafikiri. Laini ni ile kadi ndogo ya kutia ndani ya simu. Basi bila shaka kijana anataka laini ya Kenya ili ampigie bibi yake kwa bei nafuu. Mama akauza vikapu viwili, akampa fedha kijana anayekwenda Voi, laini ikanunuliwa na kutiwa katika bahasha. Nilipofika mimi ilikuwa imebaki kupelekwa posta tu.

"Mama," nikamwambia, "mtoto huyu hakuomba laini."

"Aliomba nini?"

"Ameomba umwandikie barua. Japo maneno mawili matatu."

Akaitazama ile picha kwa muda. "Kumbe anataka maneno yangu tu?"

Rafiki yangu alicheka, mimi sikuweza. Wala simlaumu yule msichana. Alitafsiri sawasawa kama alivyofundishwa: neno kwa neno. Kosa ni kudhani kwamba neno lina uso mmoja.

Tulitazame basi neno hili tangu asili yake. Warumi wa kale waliuita mmea wa kitani "linum", na uzi wake wakauita "linea". Mwashi akiuvuta uzi ule ili ukuta unyooke, alama iliyobaki nayo ikaitwa kwa jina la uzi. Kisha kila kitu kirefu kilichonyooka, na kila kitu kinachofuatana kimoja baada ya kimoja, kikapewa jina hilo hilo. Hata kutia nguo bitana Mwingereza hukuita "to line", kwa sababu bitana zamani ilikuwa ya kitani. Na hapa pana jambo la kupendeza: jina letu la katani limetokana na Kiarabu "kattan", nacho ni kitani hicho hicho, sisi tukaja kuuita hivyo uzi wa mkonge, ambao mashamba yake kila aliyepita Mwatate ameyaona. Kwa hiyo yule mama aliponiuliza maana ya "line", asili ya neno, au ndugu yake, alikuwa anaisokota vidoleni.

Mwingereza, basi, ni kama tajiri mwenye mtumishi mmoja anayetumwa kila mahali. Mswahili ameajiri watumishi wengi, kila mmoja na kazi yake. "Line" ya mvuvi kwetu ni mshipi. Ya kuanikia nguo ni kamba. Ya daftari ni mstari. Ya mwilini mwa punda wa porini ni mlia, na ya usoni mwa mzee ni kunyanzi. Ya mtunzi wa mashairi ni mshororo, wenye mizani 16, nane huku na nane huku. Ya katikati ya dunia wazee wetu waliiita istiwai. Ya vizazi ni nasaba. Ya waumini msikitini ni safu, nayo imamu hutuhimiza tuinyooshe kabla hajatoa takbira. Sijapata kusikia imamu akisema tunyooshe foleni! Foleni ni ya benki na ya kituo cha basi, na hiyo yenyewe ni ya Kiingereza, kutokana na amri ya askari ya kujipanga, "fall in". Na uchaguzi wa mwaka 1988 nchini Kenya, watu walipopanga nyuma ya wagombea badala ya kutia karatasi sandukuni, haukuitwa wa foleni wala wa safu. Uliitwa wa mlolongo, na hata leo ukilitaja neno hilo mbele ya watu wazima, wanajua unasema nini.

Taabu kubwa zaidi i katika misemo. Mwingereza akikwambia kwenye simu "hold the line", hakutaki ushike waya, anakuomba usikate. Akisema "read between the lines", anakutaka ufahamu lile lisilosemwa, kama tunavyofahamu fumbo. "Draw the line" ni kusema hapa basi, sivuki. "Toe the line" ni kutii, kama wakimbiaji wanavyoweka vidole vya miguu penye alama wasipite. "Hard lines" ni pole tu. "Bottom line" ni ule mstari wa chini wa hesabu, unaoonyesha faida au hasara; yaani ndiyo jumla ya maneno. Na "sign on the dotted line" ni kutia sahihi na kujifunga. Huo wa mwisho ni wa kuhadhari nao hasa. Watu wangapi wameletewa karatasi ya Kiingereza juu ya shamba lao, wakasomewa na mtu mwenye maana moja moja kichwani, wakatia dole gumba? Tafsiri ya haraka huko haigharimu vikapu viwili, hugharimu ardhi.

Tena Kasigau si mahali pa kulichezea neno hili. "Line" ya kwanza kujulikana upande huo ni reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Vita vilipozuka mwaka 1914, askari wa Kijerumani walikuwa wakivuka mpaka kuja kuivunja. Mpaka nao ni "line". Na watu wa Kasigau wakawa katikati ya hizo mbili. Serikali ya Kiingereza iliwashuku kwamba wamewasaidia adui, na mwaka 1915 ikawahamisha hadi Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi. Waliosalia walirudi mlimani baada ya miaka mingi. Yule mama aliniambia kwamba baba yake alikuwa mtoto katika safari hiyo. Hakusema mstari, wala foleni. Alisema, "Baba alikwenda na ule msururu." Mtafsiri aniletee neno jingine zito kama hilo.

Sasa tuna hii laini yetu mpya. Siikatai, imekwisha kuwa raia. Lakini ijue kwamba imemkuta mwenyeji. Sisi tulikuwa na laini kabla haijaja simu, itokayo katika Kiarabu "layyin", yaani kitu chororo, kisicho kigumu. Waliosoma chuoni wanakumbuka kwamba katika Sura ya Taha, Nabii Musa na ndugu yake Harun waliamrishwa wamwendee Firauni kwa kauli ya namna hiyo, naye ni Firauni! Vijana wetu leo wana laini mbili tatu mfukoni, na kauli laini hawana. Na wakiacha mshipi, safu na mshororo vyote vimezwe na laini, tutabaki na mtumishi mmoja kama Mwingereza, bila ya ile misemo yake inayompa uhai.

Ukikutana na neno la kigeni, msomaji wangu, usiliulize jina lake; liulize limekuja kufanya kazi gani.

Usiku ule tuliwasha taa tukaandika barua, Kiswahili juu na Kiingereza chini. Mama alisema nami nikaandika. Alimsalimu mjukuu, akamwambia mvua imekawia na ndovu wameingia shambani. Kisha akaniambia nimwandikie asili yake, akanitajia wazee watano, mmoja baada ya mmoja, mpaka kwa yule mtoto wa msururu wa Malindi na baba yake.

Nilipokuwa nikiikunja barua nikaitoa ile laini kwenye bahasha.

"Na hii, Mama?"

"Iache humo humo," akasema. "Nimekwisha kumnunulia."