Neno "jinsia": Lina maana gani kwenye fomu, kwenye kamati na kituoni?

Mkazi anayeomba basari ya mtoto, anayejisajili katika bima ya afya ya SHA au anayefuatilia cheti cha kuzaliwa hukutana na neno moja kwenye kila fomu: jinsia. Neno hilo hilo ndilo jina la dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na husikika kila kamati mpya inapoundwa mashinani. Hata hivyo, halina maana ile ile kila mahali. Baadhi ya wakazi hukosa huduma wanayostahili kwa sababu wanadhani neno hilo haliwahusu.

Jinsia ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno jinsi, lenye maana ya aina au namna. Nchini Tanzania, wataalamu wengi huyatenganisha: jinsi ni maumbile ya mtu, jinsia ni majukumu ambayo jamii humpa kwa kuwa mwanamume au mwanamke. Hapa Kenya, neno jinsia hubeba maana zote mbili. Ni muhimu basi kutazama limetumika wapi.

Kwenye fomu

Kwenye fomu, jinsia ni maumbile: Me au Ke. Swali hili halihusu ndoa. Kama mtu ameoa, ameolewa au amefiwa, hilo huulizwa kwenye sehemu yake. Jaza kama ilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa au kitambulisho, kwa kuwa taarifa zisizolingana huchelewesha maombi. Ukiona cheti kina kosa, anza kwa kukirekebisha katika afisi ya msajili wa vizazi na vifo.

Wapo pia watu huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyoweza kuwekwa moja kwa moja upande wa kiume au wa kike. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza nchini, na ikapata watu 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawatambua watoto huntha na inataka waandikishwe ipasavyo wanapozaliwa. Mzazi wa mtoto wa aina hii hana sababu ya kumficha wala kuogopa kumwandikisha. Bila cheti cha kuzaliwa, mtoto hupata shida shuleni na hospitalini.

Kwenye kamati

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 27(8), inaitaka serikali ichukue hatua ili watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kifungu cha 197 kinaweka kipimo hicho hicho kwa bunge la kaunti na kwa kamati tendaji, yaani baraza la mawaziri wa kaunti.

Wengi huiita kanuni hii "sheria ya akina mama". Sivyo. Maneno yake ni "jinsia moja", iwe ya kiume au ya kike. Katika kamati ya watu 9, thuluthi mbili ni watu 6. Kamati yenye wanaume 7 imevuka kipimo, na yenye wanawake 7 imevuka vilevile.

Kwenye dawati la jinsia

Hapa ndipo kutoelewa neno hili kunaweza kumgharimu mtu afya au maisha. Kuna makosa mawili yanayojirudia.

La kwanza ni kudhani kwamba jinsia ni wanawake. Mwanamume anayepigwa nyumbani hunyamaza akiamini dawati lile si lake. Dawati la jinsia humhudumia mtu yeyote: mwanamke, mwanamume, mvulana au msichana.

La pili ni kudhani kwamba dhuluma ya kijinsia ni ubakaji peke yake. Dhuluma za kingono ni sehemu tu ya dhuluma za kijinsia. Kipigo cha nyumbani, ukeketaji, kumwoza mtoto, na kumfukuza mjane kwenye shamba la marehemu mumewe kwa sababu ni mwanamke, zote zimo. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inatambua pia matusi, vitisho na kumnyima mtu mahitaji ya kifedha.

Aliyebakwa au kunajisiwa aende hospitalini mara moja, hata kabla ya kufika polisi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, na dawa za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asioge wala kufua nguo alizovaa. Azibebe kwenye mfuko wa karatasi au azifunge kwa kitambaa, si kwa plastiki, kwa sababu plastiki huharibu ushahidi. Mhudumu wa afya atajaza fomu ya PRC, na polisi watatoa fomu ya P3, ambayo hailipiwi. Matibabu ya aliyedhulumiwa kingono ni bure katika hospitali za umma.

Nambari za kupiga bila malipo, usiku na mchana:

- 1195: dhuluma za kijinsia
- 116: watoto walio hatarini
- 999 au 112: polisi

Asiye na simu anaweza kupiga ripoti kwa chifu, kwa mhudumu wa afya wa kijiji au katika zahanati iliyo karibu, naye aelekezwe kwenye dawati la jinsia.